Nyonga Inauma, Eksirei Inasema Safi

Toleo lililopita tuligusia kwa aya moja tu ugonjwa wa mfupa wa nyonga kupungukiwa madini kwa muda, ule ambao madaktari huuita osteoporosisi ya muda ya nyonga. Tulisema huwapata zaidi wajawazito wa miezi ya mwisho na wanaume wa makamo, na kwamba hupona wenyewe. Barua zilizokuja zinafanana: maumivu ya kinena, picha isiyoonyesha kitu, na ushauri wa kuvumilia. Tumechagua saba.

Shikamooni madaktari. Nina ujauzito wa wiki 31, wa pili. Wiki tatu sasa kinena cha kushoto kinauma nikikanyaga, nikikaa kinatulia. Kliniki wameniambia nyonga zinafunguka, ni kawaida. Lakini sasa nachechemea, na juzi nilishindwa kupanda daladala. Nifanyeje? – Mama mtarajiwa, Tanga

Marahaba mama. Ulichoambiwa kliniki ni kweli kwa wajawazito wengi, na ndiyo sababu ugonjwa huu hupitwa. Maumivu ya nyonga kufunguka hukaa mbele katikati, penye maungio ya mfupa wa kinena, au nyuma kiunoni, mara nyingi pande zote mbili, na humsumbua mtu akijigeuza kitandani au akitanua miguu. Yako yapo upande mmoja, ndani kabisa ya kinena, yanaamshwa na kukanyaga na kuzimwa na kukaa. Mjamzito wa namna hiyo anayechechemea asirudishwe nyumbani kabla nyonga haijapimwa.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Unalala na mto chini ya ubavu mmoja ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa wa damu, mkunga au daktari anakunja goti na paja lako, kisha anausogeza unyayo taratibu kuelekea nje. Kinena kikikamata hapo, tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa ndani ya kiungo cha nyonga. Hatua inayofuata ni MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Haitumii mionzi, inafanyika wakati wa ujauzito, ila isiwe na dawa ya kung'arisha picha inayodungwa kwenye mshipa. Wengine huomba ultrasaundi kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Hiyo itaonyesha maji yaliyojaa kwenye kiungo, lakini haioni ndani ya mfupa.

Kinachotokea ndani ni hiki. Uboho wa kichwa na shingo ya fupa la paja hujaa maji, madini ya mfupa hupungua, na mfupa hubaki na umbo lake lile lile ukiwa dhaifu. Madaktari wawili wa Marekani, Curtiss na Kincaid, waliueleza mwaka 1959 kwa wanawake watatu waliokuwa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Chanzo bado kinabishaniwa, kati ya mishipa ya damu kubanwa na nyufa ndogondogo zinazozidi kasi ya mfupa kujijenga. Ila hatari yake haina ubishi. Mfupa uliolainika ukiendelea kubebeshwa mzigo unaweza kuvunjika shingoni, na hapo ugonjwa ambao ungeisha wenyewe unageuka kuwa operesheni.

Piga hesabu ya mzigo. Kila hatua unayotembea, nyonga inayokanyaga hubeba karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Mama wa kilo 70 anaitwisha nyonga moja kilo 175 hivi kwa kila hatua. Akijitwika ndoo ya lita 20, zinaongezeka kama kilo 50 nyingine. Kwa hiyo tiba inaanza leo, hata kabla MRI haijapatikana: magongo mawili, au fremu ya kutembelea yenye miguu minne ikiwa tumbo limekuharibia mizani ya mwili. Maji yachotwe na mtu mwingine. Ufagio wa njiti unaokuinamisha uweke kando.

Choo cha kuchuchumaa ni tatizo ambalo hospitali husahau kuliuliza. Kuchuchumaa na kuinuka kwa mguu mmoja ni kati ya mambo mabaya zaidi unayoweza kuifanyia nyonga hii. Fundi anaweza kutoboa kiti imara cha mbao chenye miguu minne, ukakiweka juu ya tundu. Cha plastiki chepesi kinateleza na kupasuka. Weka na kishikio ukutani.

Usilale kitandani siku nzima kwa kuogopa. Mjamzito asiyetembea huganda damu kwa urahisi. Chezesha vifundo vya miguu juu na chini mara 20 kila saa unapokuwa macho, kunywa maji ya kutosha, na ukiona muundi mmoja umevimba, unauma na una joto kuliko mwingine, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usiku lala kwa ubavu wa upande mzima ukiwa na mto kati ya magoti.

Dawa ya maumivu ni paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita inapobidi, visizidi vinane kwa siku, na kwa siku chache kadiri inavyowezekana. Diclofenac na ibuprofen usizinunue dukani. Baada ya wiki ya 20 zinaweza kupunguza maji yanayomzunguka mtoto, na kuanzia wiki ya 30 zinaweza kuziba mapema mshipa mmoja karibu na moyo wake.

Kuhusu kujifungua: kama mfupa haujavunjika, njia ya kawaida kwa kawaida inawezekana, lakini wakunga wajue mapema na iandikwe kwenye kadi ya kliniki. Kujifungua kwa ubavu ni salama zaidi kuliko kuchuchumaa au kutanuliwa mapaja kwa nguvu. Ukidungwa ganzi ya uti wa mgongo uangalizi uongezwe, maana maumivu yaliyokuwa yanakulinda yameondoka, na mtu anaweza kuukunja mguu kupita kiasi nawe husikii. Mfupa ukiwa umevunjika, daktari wa uzazi na wa mifupa wakae pamoja waamue.

Baada ya kujifungua wengi hupata nafuu ndani ya miezi miwili hadi sita. Nyonyesha kama kawaida ukiwa umekaa. Usimbebe mtoto mgongoni ukitembea mpaka utakapoachana na magongo.

Habari daktari. Nina miaka 44, dereva wa lori, navuta sigara. Nyonga ya kulia inauma wiki ya sita. Eksirei safi. MRI imeandikwa "edema ya uboho, kichwa cha fupa la paja". Nimeambiwa mfupa unakufa, niandae pesa za nyonga ya bandia. Ni kweli? – Dereva, Nakuru

Ndugu, pesa hizo ziache benki kwanza. Edema ya uboho ni maji ndani ya uboho, basi. Ni alama, haijawa jina la ugonjwa. Huonekana katika osteoporosisi ya muda, huonekana mfupa ukikosa damu na kufa, na pia penye ufa mdogo chini ya gegedu (tabaka laini linalofunika ncha ya mfupa), kifua kikuu cha nyonga, hata uvimbe wa saratani. Ripoti ya sentensi moja haitoshi kukuambia ipi ni ipi.

Chukua CD ya picha zenyewe, siyo karatasi peke yake, umpelekee daktari wa mifupa, na mtaalamu wa radiolojia aulizwe mambo manne. La kwanza, maji yamesambaaje? Katika ugonjwa wa muda husambaa kama doa la chai kwenye kitambaa: kichwa chote, yakashuka shingoni, bila mpaka. Mfupa unaokufa huwa na mpaka, mstari unaozungushia kipande kilichokosa damu, na katika picha zinazong'arisha maji mstari huo mara nyingi huonekana maradufu, mweusi na mweupe sambamba. La pili, kuna mstari mweusi chini tu ya gegedu? Huo waweza kuwa ufa, na eneo jeusi hapo likifika unene wa milimita 4 na zaidi uwezekano wa mfupa kujirudia wenyewe unapungua. La tatu, kichwa bado ni mviringo au kimebonyea? La nne, nyonga ya kushoto ikoje? Wapo wanaopiga picha ya upande mmoja tu, na hilo ni kosa, kwa kuwa upande usiouma nao unaweza kuwa na dalili.

Umri wako unaendana na ugonjwa wa muda. Nje ya ujauzito, wanaoupata zaidi ni wanaume wa miaka 30 hadi 60. Sigara inahesabiwa kati ya vichochezi, pamoja na pombe nyingi, upungufu wa vitamini D, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, homoni ya kiume iliyoshuka, na matumizi marefu ya prednisolone (dawa ya steroidi) au ya heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda). Mifupa iliyokuwa dhaifu tangu awali nayo imo. Ndiyo sababu mwanamume aliyepatwa na ugonjwa huu anashauriwa kupimwa wingi wa madini kwenye mifupa ya mgongo na nyonga zote mbili.

Mfupa unaokufa una historia yake, na baadhi ya mambo hufanana. Jiulize bila aibu: una selimundu, au ndugu wa tumbo moja anayo? Umewahi kumeza dexamethasone au prednisolone kwa wiki nyingi? Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila cheti, vingine huwa na dawa hizo hizo. Pombe kali kila siku? Virusi vya UKIMWI? Hapa pwani tungemwuliza pia mvuvi anayezamia majongoo bahari kwa mtungi wa hewa, kwani kupanda juu haraka kutoka kina kirefu huua mfupa wa nyonga polepole.

Sasa kuhusu ile eksirei safi. Mfupa hauonyeshi upungufu kwenye eksirei mpaka theluthi moja hivi ya madini iwe imekwisha kupotea, na hilo huchukua kama wiki tatu hadi sita tangu maumivu yaanze. Eksirei ya wiki ya kwanza ikisema safi haijakanusha chochote. Rudia sasa: kichwa cha fupa kikionekana kimefifia kuliko cha upande wa pili, na nafasi ya kiungo haijapungua, hiyo ni picha ya ugonjwa wa muda.

Damu ipimwe pia: picha kamili ya damu, ESR na CRP za uvimbe na maambukizi, figo, kalsiamu, fosfeti, vitamini D, tezi, VVU na selimundu. Katika ugonjwa wa muda majibu mengi huwa ya kawaida. ESR iliyopanda sana, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda ni njia ya kwenda kupimwa kifua kikuu. Na nyonga inayouma huku una homa kali na huwezi kuisogeza hata kidogo ni dharura ya saa hizo, kiungo kinaweza kuwa na usaha.

Kazi ya lori isimame. Breki ya ghafla inataka mguu wa kulia ukanyage kwa nguvu zote, na nyonga inayouma huchelewa. Ukipewa tramadol, dawa kali ya maumivu, ndiyo kabisa, inasinzisha. Na sigara, kama ulikuwa unatafuta sababu ya kuacha, umeipata.

Nimepewa magongo hospitali bila maelezo. Makwapa yanauma na vidole vinakufa ganzi. Nakosea wapi? – Msomaji, Morogoro

Unayaegemea kwa makwapa. Neva ya mkono inapita pale, na ukiikandamiza wiki kadhaa kifundo cha mkono kinaweza kulegea ukashindwa kuinua kiganja. Magongo hubebwa kwa viganja.

Simama wima ukiwa umevaa viatu utakavyotembelea, ncha za magongo zikiwa sentimita 15 mbele na pembeni ya vidole vya miguu. Kati ya mto wa juu na kwapa ipite nafasi ya vidole viwili au vitatu. Mikono ikining'inia, kishikio kiwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, ili ukishika kiwiko kikunjike kidogo tu. Mto wa juu unabanwa kwenye mbavu. Kagua raba za chini: zikishaisha mistari, sakafu yenye maji itakuangusha.

Mwendo: magongo yote mawili mbele, mguu mgonjwa uende sambamba nayo, kisha mguu mzima upite. Ngazi za kupanda, mguu mzima unatangulia. Za kushuka, magongo na mguu mgonjwa vinatangulia. Hapa wengi huchanganya, na ndipo huanguka.

Ukiambiwa kanyaga kiasi, usikisie. Weka mizani ya kupimia uzito chini, na kitabu au ubao wenye unene ule ule chini ya mguu mzima, kisha kanyaga mizani kwa mguu mgonjwa mpaka isome kilo ulizoambiwa, tuseme 20. Rudia mara kumi bila kutazama, halafu tazama umefika ngapi. Karibu kila mtu huanza kwa kuzidisha. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku tatu, mguu utajifunza.

Gongo moja au bakora hushikwa mkono ulio mkabala na nyonga mbovu. Nyonga ya kulia, bakora mkono wa kushoto. Ukishika upande ule ule wa maumivu, nyonga haipati msaada wa maana.

Daktari ananishauri dripu ya zoledronic acid, mwingine anasema nitoboe mfupa, wa tatu anasema nisubiri tu. Nimsikilize nani? – Msomaji, Mombasa

Wote watatu wanazungumza vitu vilivyopo, ila havilingani uzito. Ugonjwa wenyewe una mwendo wake: mwezi wa kwanza hadi wa pili maumivu hupanda, mwezi mmoja au miwili hutulia pale pale, kisha hushuka taratibu. Jumla ni miezi sita hadi kumi na miwili. Msingi wa tiba ni kuondoa mzigo, dawa ya maumivu, na kurekebisha kilichopungua mwilini. Kingine chochote ni cha kuharakisha.

Dawa za kuzuia mfupa kulika, alendronate na zoledronic acid zikiwa mfano, hutumika kufupisha maumivu. Hazikusajiliwa kwa ugonjwa huu, na ushahidi wake unatokana na wagonjwa wachache, lakini kwa mtu ambaye maumivu yamempeleka kitandani, au mwenye mifupa dhaifu sehemu nyingine, sisi tunaona ni chaguo la busara. Kabla ya dripu pima figo: uwezo wa kuchuja ukiwa chini ya mililita 35 kwa dakika, haitolewi. Vitamini D ipandishwe kwanza, vinginevyo kalsiamu ya damu hushuka, midomo na vidole vikaanza kuchezacheza. Jino la kung'oa ling'olewe kabla. Kipimo ni miligramu 5 mara moja, ipite kwa dakika zisizopungua 15, nawe uwe umekunywa maji. Siku moja hadi tatu baadaye unaweza kuhisi kama una malaria: homa, viungo kuuma. Paracetamol inatuliza, ingawa ukiwa sehemu yenye malaria homa ipimwe hata hivyo.

Alendronate ni kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki. Kimeze asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, siyo chai wala maziwa, ukae wima nusu saa bila kula wala kulala. Ukilala kinaunguza koo.

Dawa hizi mjamzito hapewi, na kwa kuwa hukaa kwenye mfupa kwa miaka, mwanamke anayetarajia kuzaa tena azungumze na daktari wake kwanza. Denosumab, sindano nyingine ya kuzuia mfupa kulika, nayo isidungwe kwa wepesi: ukiiacha ghafla mifupa hulika kwa kasi na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika. Sindano ya steroidi ndani ya nyonga haitibu uboho. Iloprost, dawa ya kutanua mishipa ya damu ambayo baadhi ya hospitali za Ulaya huipitisha kwenye mshipa kwa siku tano, inashusha presha na kuumiza kichwa, inahitaji kulazwa.

Kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo ni operesheni ya mfupa unaokufa katika hatua za mwanzo. Katika ugonjwa wa muda hutuliza maumivu haraka, hatukatai, lakini unatoboa tundu kwenye mfupa ambao tayari ni dhaifu, kwa ugonjwa ambao ungeondoka. Anayependekeza atoboe mwezi wa pili mwombe akuonyeshe kwenye picha mstari wa mfupa unaokufa. Asipokuwa nao, chukua magongo.

Mama mkwe ananipikia supu ya makongoro kila siku nijenge mfupa. Inasaidia? – Mzazi mpya, Kigoma

Mshukuru mama, supu ni tamu na ina protini, lakini kalsiamu inayotoka kwenye mfupa kuingia kwenye mchuzi ni kidogo mno. Mwili unahitaji miligramu 1,000 hivi kwa siku. Glasi ya maziwa ya mililita 250 inakupa kama 300. Nanyi Kigoma mna dagaa: wanaliwa na mifupa yao, hapo ndipo kalsiamu ilipo. Unga wa wimbi una zaidi ya miligramu 300 kwa kila gramu 100, kwa hiyo uji wa wimbi uliotiwa maziwa unashinda bakuli zima la makongoro. Mchicha una kalsiamu nyingi kwenye karatasi, ila umefungwa na asidi ambayo hairuhusu mwili kuichukua. Sukuma wiki ni bora kwa hilo. Udongo wa kula unaouzwa sokoni haujengi mfupa, na unazuia madini ya chuma.

Vidonge vya kalsiamu vikihitajika, vimezwe miligramu 500 kwa mara moja pamoja na chakula, na vipishane na vidonge vya kuongeza damu vya kliniki kwa saa mbili angalau, maana vinazuiana. Vitamini D ni vigumu kuipata ya kutosha kwa kula peke yake. Jua lipo tele kwetu, lakini ngozi nyeusi hutengeneza polepole, na anayekaa ndani au kuvaa nguo ndefu siku nzima anaweza kupungukiwa kabisa. Kipimo cha damu kikiwa chini ya nanogramu 20 kwa mililita, ni upungufu, na daktari ataandika dozi.

Kuchuliwa kwa mafuta ya moto je? – Msomaji, Zanzibar

Misuli ya paja na kiuno ikichuliwa taratibu haidhuru. Kuvutwa mguu, kukandamizwa nyonga kwa goti, au kukunjwa mpaka "ilie", hapana. Mfupa uliolainika unaweza kuvunjika mikononi mwa mchuaji. Na mjamzito asichuliwe muundi uliovimba.

Nimefikisha mwezi wa tano, maumivu yamekwisha karibu yote. Nirudi lini kucheza mpira? Na je, utarudi? – Msomaji, Arusha

Tembea kwanza ndani ya nyumba bila maumivu wala kuchechemea. Acha gongo moja, kaa wiki mbili, kisha bakora mkono wa upande mzima kwa wiki mbili nyingine, kisha bila kitu. Maumivu yakirudi na kudumu hadi kesho yake asubuhi, rudi hatua moja nyuma. Kuogelea na baiskeli ya kukaa isiyo na mzigo ungeweza kuanza tangu maumivu yalipoanza kushuka.

Mazoezi ya nyumbani yawe ya kukaza matako na kukaza misuli ya mbele ya paja, ukishika kwa sekunde tano, mara kumi, mara tatu kwa siku, na kutelezesha kisigino kitandani ukikunja goti. Kuinua mguu ulionyooka ukiwa umelala, zoezi ambalo kila mtu hulifanya, liache kwa sasa. Linaonekana jepesi lakini misuli inaikandamiza nyonga kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mzima.

Mpira, kuruka kamba na kukimbia visubiri MRI ya pili inayoonyesha maji yamekauka. Picha huchelewa nyuma ya maumivu, kwa hiyo usishangae ikikuambia ngoja mwezi mwingine.

Kurudi, ndiyo, kunawezekana: nyonga ya pili, goti, au kifundo cha mguu, wakati mwingine miezi baadaye, wakati mwingine katika ujauzito unaofuata. Kiungo kipya kikianza kuuma kwa mtindo ule ule, toa magongo uvunguni siku hiyo hiyo, kisha ndiyo utafute daktari. Ila ukisikia mpasuko, maumivu yakapanda ghafla, mguu ukaonekana mfupi na unyayo umepinda nje, usijaribu kusimama. Ubebwe ukiwa umelala, usipewe chakula wala maji, na mwambieni anayewapokea hospitali kwamba mfupa huo ulikuwa na osteoporosisi ya muda, ili apige eksirei ya nyonga kabla ya jambo lingine.